Kutunza orodha ya kuzuia matangazo: ya kujua kabla hujachapisha mstari wa kwanza

Kukusanya vikoa vya matangazo, yaani majina ya seva zinazoyaleta, ili kifaa kikatae kuyafungua, ni kazi ya jioni moja. Unafungua tovuti chache za habari, unatazama kivinjari kinaziita seva zipi, unanakili majina, unayatia kwenye faili, na orodha unayo. Kazi yenyewe huanza siku mtu usiyemjua anapoiweka orodha hiyo kwenye ruta ya shule, ofisi au nyumba ya wapangaji. Tangu hapo kila mstari wako unawaamulia watu wasiojua hata kwamba faili lako lipo. Ukurasa ukigoma kufunguka watalaumu mtandao, watalaumu simu, watamlaumu aliyefunga Wi-Fi. Wewe hawatakufikiria, na kwa hiyo wengi hawatakuja kukuambia kitu.

Hilo la mwisho ndilo linaloifanya kazi hii iwe ngumu kuliko inavyoonekana. Tangazo lililopenya huonekana na kila mtu, na malalamiko yake huja siku hiyohiyo. Malipo yaliyokwama kwa sababu ya mstari mmoja hayaonekani, na aliyekwama anajaribu mara tatu kisha anaenda kwa wakala. Ndiyo maana mtunzaji mzoefu hutumia muda mwingi zaidi kuthibitisha na kuondoa kuliko kuongeza. Nimeyapanga yafuatayo kwa mfuatano ambao shida zenyewe huja, kuanzia faili likiwa tupu.

Faili moja la chanzo

Swali la kwanza ni muundo, na wengi hulijibu kwa kunakili walichokikuta kwa wengine. Muundo wa kale zaidi ni ule wa faili la hosts, urithi wa zama ambazo majina ya kompyuta zote za mtandao yalikaa kwenye faili moja, kabla Paul Mockapetris hajabuni DNS, mfumo wa kugeuza majina kuwa anwani za namba, mwaka 1983. Kila mstari una anwani (hapa isiyofika popote) na jina (hapa la kikoa cha matangazo cha Google):

0.0.0.0 doubleclick.net

Udhaifu wake ni kwamba unazuia jina hilo tu. Kikoa ad.doubleclick.net kinapita bila kuguswa, na kila tawi jipya linadai mstari wake. Orodha nyingi za aina hii zimenenepa kwa sababu hiyo tu. Kwenye dnsmasq, programu ndogo ya DNS, mstari address=/doubleclick.net/0.0.0.0 unafunika kikoa pamoja na matawi yake yote. Kwenye mtindo wa vichujio vya vivinjari, ||doubleclick.net^ unafanya vivyo hivyo, na AdGuard Home na Pi-hole za siku hizi, programu za kuzuia matangazo kwa mtandao mzima, zinauelewa. Anayetumia kanda za RPZ (kanuni za kuzuia majina) kwenye BIND, programu nyingine ya seva ya DNS, anahitaji mistari miwili: mmoja wa kikoa chenyewe, mwingine wenye nyota mbele yake kwa ajili ya matawi. Ukisahau wa pili umerudi palepale kwenye udhaifu wa hosts.

Usitunze mafaili manne kwa mkono. Yatapishana ndani ya mwezi, na hutajua lipi ndilo sahihi. Tunza faili moja la chanzo, kikoa kimoja kwa mstari, na skripti itoe miundo mingine yote kila unapochapisha. Kwa toleo la hosts, weka 0.0.0.0 badala ya 127.0.0.1, kwa sababu hii ya pili ni anwani ya kifaa chenyewe. Mtu mwenye seva ya majaribio kwenye kompyuta yake ataona maombi ya matangazo yakimiminika humo. Kumbuka pia kwamba 0.0.0.0 ni jibu la IPv4, mfumo wa zamani wa anwani, pekee. Baadhi ya programu zikikuta mstari huo huendelea kuuliza nje anwani ya IPv6, mfumo mpya, na tangazo linapita kwa mlango huo. Kwa hiyo toleo la hosts liwe na mistari ya :: (0.0.0.0 ya IPv6) pia, au waelekeze watumiaji kwenye muundo unaofunga pande zote mbili.

Jambo ambalo naliona kubwa kuliko hayo yote: kila mstari wa chanzo ubebe sababu yake. Tarehe, ukurasa ulipoonekana, kinachofanya (tangazo, kifuatiliaji, kipimo cha matumizi), na aliyeripoti kwa jina lake la utani tu. Kuandika hayo kunachukua dakika moja. Kukosa kuyaandika kunagharimu jioni nzima miaka miwili baadaye, mtu anapodai kikoa kimezuiwa kimakosa na hakuna anayekumbuka kiliingiaje.

Kupima kikoa kabla ya kukiingiza

Vikoa vipya huja kwa njia mbili. Ya kwanza ni zana za wasanidi ndani ya kivinjari: fungua kichupo cha mtandao, pakia ukurasa bila kizuizi chochote, kisha panga maombi kwa kikoa. Ya pili, kwa programu za simu ambazo hazina kichupo hicho, ni kumbukumbu za seva yako ya DNS. Washa programu moja tu, acha nyingine zimefungwa, andika saa uliyoifungua, kisha soma kilichoulizwa ndani ya dakika hiyo. Ukiacha programu kumi zinaendelea nyuma utahusisha kikoa na programu isiyo yake, na kosa hilo likishaandikwa kwenye maelezo ya mstari linaaminiwa na kila atakayekuja.

Ukishalipata jina, usiliingize bado. Jiulize kikoa ni cha nani na kuna nini kingine juu yake. Amri ya dig itakuonyesha kama ni jina linaloelekeza tu kwa jina jingine, na whois itakupa tarehe ya usajili. Halafu angalia orodha ya viambishi vya umma iliyoanzishwa na Mozilla. Inataja co.ke, co.tz na go.tz, na pia github.io na blogspot.com, yaani majina ambayo chini yake kila mtu ana kikoa chake. Hakuna jina la orodha hiyo linalopaswa kuingia kwenye faili lako kamwe, na skripti ndiyo ilinde, si macho. Vivyo hivyo majukwaa ya kusambaza mafaili kama cloudfront.net na akamaized.net: zuia tawi mahususi ulilolithibitisha, mzazi umwache.

Kisha jaribu. Zuia kikoa hicho peke yake kwenye kifaa kimoja, safisha kache ya DNS ya kifaa na ya kivinjari, na upite ukurasa wote: ingia, toka, tafuta, cheza video, lipa kama kuna malipo. Kache ndiyo inayowapotosha wengi. Jibu la zamani hukaa mpaka muda wake uishe, na mtu anaamini kizuizi hakina madhara kumbe hakijaanza kufanya kazi.

Vinavyovunjika, na kwa nini

Hapa ndipo palipo na gharama halisi.

Android hupima kama Wi-Fi ina intaneti kwa kuiuliza connectivitycheck.gstatic.com, ikitarajia jibu lenye namba 204. Ombi hilo linajirudia mno kwenye kumbukumbu na linafanana kabisa na upelelezi, kwa hiyo anayeanza hulizuia. Matokeo yake simu inatangaza kwamba Wi-Fi haina intaneti, na nyingi huhamia data ya simu kimyakimya. Orodha iliyokusudiwa kuokoa bando inalimaliza. Kwa Apple jina ni captive.apple.com, kwa Windows ni www.msftconnecttest.com, kwa Firefox ni detectportal.firefox.com. Yote manne yakae kwenye faili la ruhusa, la majina yasiyozuiwa, ambalo skripti hulisoma kabla ya kutoa toleo.

Kikoa t.co hupitisha kila kiungo kilichowekwa kwenye mtandao wa X, uliokuwa Twitter. Ni kifuatiliaji, ndiyo, lakini ukikizuia hakuna kiungo kinachofunguka. Kuzuia s.youtube.com kunafuta uwezo wa YouTube kukumbuka ulichotazama. Kuzuia graph.facebook.com kunawafungia nje watu wanaoingia kwenye programu nyingine kwa akaunti ya Facebook. Kuzuia googleadservices.com kunafanya matokeo ya kwanza ya utafutaji, yale yaliyolipiwa, yasifunguke yakiguswa. Hapo naona uamuzi ni kuendelea kuzuia, ila uandikwe wazi kwenye maelezo ya orodha, kwa sababu watu wengi hubofya matokeo hayo bila kujua ni matangazo.

Barua pepe zina shida ya peke yake. Kampuni zinazotuma barua kwa wingi hufunga kila kiungo kwa kikoa cha kuhesabu mibofyo. Kiungo cha kuthibitisha akaunti na cha kubadili nywila hupita humohumo. Mailchimp, kwa mfano, hutumia list-manage.com, na ndiko kiliko kiungo cha kujitoa kwenye orodha ya barua. Ukikizuia, umemnyima mtu njia ya kuzikataa barua hizo.

Malipo ndiyo yanayoumiza zaidi. Malipo ya kadi hupita vikoa kadhaa vya kati, vikiwemo vya benki kuhakikisha mwenye kadi ni yeye, na vya kutambua ulaghai. Hivi vya ulaghai hufanya kazi kwa njia ileile ya vifuatiliaji: hukusanya alama za kifaa, ukubwa wa kioo, saa za eneo. Ukitazama msimbo wake peke yake utasema kizuiwe. Ukikizuia, malipo yanakataliwa bila maelezo. Msimamo ninaoushauri ni kuwa na matoleo mawili, la kawaida na kali, na vikoa vya aina hii viingie kwenye kali pekee, ambalo mtu analichagua akijua.

Halafu kuna ruwaza. Mtu akichoshwa na kuongeza jina mojamoja, huandika ruwaza inayokamata kila kikoa chenye herufi ads. Ruwaza hiyo inakamata downloads, uploads na threads pia. Ruwaza ifungwe mwanzo na mwisho, na nukta zitanguliwe na mkwaju wa nyuma, maana nukta tupu inakubali herufi yoyote:

(^|\.)ads?[0-9]*\.

Hata hii iliyofungwa vizuri inazuia ads.google.com, ambako mfanyabiashara mdogo anaingia kusimamia tangazo alilolilipia mwenyewe. Kwa orodha ya jamii nashauri ruwaza zisiwepo kabisa. Jina kamili linaweza kuelezwa na kutetewa; ruwaza hujui itakamata nini kesho.

Kinga bora ya haya yote ni orodha ya kurasa ambazo lazima zifunguke. Tengeneza yako kwa kufuata watu unaowahudumia. Kwa Tanzania haiwezi kukosa necta.go.tz, heslb.go.tz na tra.go.tz, kwa Kenya, ecitizen.go.ke na mfumo wa kodi wa kra.go.ke, pande zote mbili, kurasa za benki na za pesa za simu. Lakini kikoa cha ukurasa peke yake hakitoshi. Fungua kila ukurasa, nakili vikoa vyote unavyoviita, tenga vile ambavyo bila hivyo haufanyi kazi, na uviweke kwenye faili la ruhusa. Urudie kila baada ya miezi mitatu, kwa sababu tovuti hubadilisha watoa huduma bila tangazo. Siku matokeo ya mtihani yanapotoka si siku ya kuchapisha toleo jipya: ukurasa ukisuasua kwa wingi wa watu, wewe na watumiaji wako hamtaweza kutofautisha msongamano na kizuizi.

Kwa upande wa pili, linganisha kila toleo na vikoa vinavyotembelewa zaidi duniani. Orodha ya Tranco, iliyoanzishwa na watafiti mwaka 2019, inapakuliwa bure. Chochote cha orodha yako kilichomo kwenye 10,000 za kwanza kitazamwe na mtu. Kisikataliwe na skripti, maana doubleclick.net nacho kitakuwamo, na hicho unakitaka.

Usivyoweza kuvizuia

Watu watakuomba uondoe matangazo ya YouTube. Orodha ya vikoa haiwezi. Tangazo na video yenyewe hutoka kwenye seva za googlevideo.com zilezile, na DNS haioni kilichomo ndani ya ombi, inaona jina tu. Sema hivyo kwenye ukurasa wa kwanza wa maelezo, kwa maneno mepesi, na utapunguza sehemu kubwa ya maombi yanayokuchosha.

Kuficha kwa CNAME, yaani rekodi ya DNS inayoelekeza jina moja kwa jina jingine, ni kisa kingine. Tovuti inafungua tawi chini ya kikoa chake yenyewe, na rekodi ya DNS inalielekeza kwa kampuni ya ufuatiliaji. Kivinjari kinaona jina la nyumbani na kinaliamini, vidakuzi na yote. Jambo hili lilizua mjadala mwishoni mwa mwaka 2019 kuhusu gazeti la Ufaransa la Libération, ambalo tawi lake moja lilikuwa linaelekeza kwa kampuni ya Eulerian. Mwaka uliofuata uBlock Origin ya Firefox, kiongezo cha kuzuia matangazo, na toleo la 5.0 la Pi-hole zikaanza kufuata mnyororo huo mpaka mwisho. Kwa mtunzaji, funzo ni kuingiza kikoa cha mwisho, cha kampuni yenyewe, na si tawi moja la gazeti moja. Watumiaji ambao programu zao hazifuati mnyororo watahitaji matawi pia. Yaweke kwenye faili la kando, kwa sababu yanabadilika upesi na yatakujazia orodha kuu. Na tovuti inayoelekeza tawi lake moja kwa moja kwenye anwani ya namba, bila CNAME, itakupita hivihivi.

Kisha kuna vifaa visivyokuuliza kabisa. Runinga na vidude vya kutiririsha video vingine vimeandikiwa 8.8.8.8, seva ya DNS ya Google, ndani yake. Ruta inaweza kuyageuza maombi yote ya mlango wa 53, ambao DNS ya kawaida hupitia, yaje kwako. Android tangu toleo la 9 ina DNS ya faragha inayopita mlango wa 853. DNS iliyofichwa ndani ya HTTPS, iliyowekewa kiwango mwaka 2018, inapita mlango wa 443 pamoja na trafiki nyingine zote, na kuizuia kwa namba ya mlango haiwezekani. Firefox huuliza kwanza jina use-application-dns.net, ukilijibu kwamba halipo, haitawasha DNS hiyo kwa chaguo-msingi. Mtu aliyeiwasha kwa mkono wake haguswi, na hivyo ndivyo inavyostahili.

Malalamiko, na barua za wanasheria

Ripoti ya "haifanyi kazi" haina msaada. Omba mambo matano, bila kusamehe hata moja: anwani kamili ya ukurasa, kinachotokea, kinachotarajiwa kutokea, mstari wa kumbukumbu unaoonyesha kikoa kilichozuiwa, na orodha nyingine anazotumia. Hili la mwisho huokoa muda kuliko yote. Watu wengi hupakia orodha sita kwa pamoja, na kosa huwa la nyingine. Kwenye Pi-hole amri pihole -q ikifuatiwa na jina la kikoa itamwonyesha ni orodha ipi yenye jina hilo. Mkumbushe afiche namba za simu na majina kwenye picha anazotuma, na akisahau, ifute picha wewe.

Lugha ya baadhi ya ripoti itakuumiza. Mtu aliyekosa kulipa ada siku ya mwisho hana sababu ya kukuandikia kwa upole, na mara nyingi hasira yake ina haki hata kama maneno yake hayana. Jibu kosa, acha matusi. Kizuizi kinachovunja malipo, kuingia kwenye akaunti au huduma ya afya kiondolewe kwanza, uchunguzi ufuate. Tangazo lililopenya linaweza kusubiri wiki.

Kampuni nazo zitaandika. Nyingine zitauliza kwa heshima zifanye nini ziondolewe. Zijibu kwa kanuni zilezile zilizoandikwa hadharani. Nyingine zitatoa pesa. Kataa, na ulichapishe ombi hilo bila kutaja kiasi, maana orodha ikishajulikana kuwa inauzwa imekwisha. Nyingine zitatuma wanasheria. Kisa kinachojulikana ni cha Agosti 2017: kampuni ya Marekani iitwayo Admiral ilitumia sheria ya hakimiliki ya dijitali ya nchi hiyo kudai kikoa functionalclap.com kitolewe kwenye EasyList, orodha maarufu ya kuzuia matangazo, kwa hoja kwamba ni sehemu ya mfumo wake wa kudhibiti nani anafungua maudhui. Mstari ukaondolewa, na habari yake ikasambaa mbali kuliko kikoa chenyewe kilivyowahi kufika. Kwa mtunzaji mdogo asiye na wakili, kuondoa mstari mmoja kunaweza kuwa uamuzi sahihi. Kuuondoa kimya ndilo kosa. Badiliko liandikwe, na sababu iandikwe.

Siku ya kuchapisha

Faili lipite vichujio hivi kabla halijatoka: herufi zote ndogo, hakuna nafasi mwishoni mwa mstari, mwisho wa mistari uwe wa Unix, na baiti tatu ambazo baadhi ya programu za Windows huweka mwanzoni mwa faili la UTF-8 ziondolewe. Baiti hizo hazionekani, na zikibaki huharibu mstari wa kwanza tu, jambo linalotatiza watu kwa saa nyingi. Panga kwa amri LC_ALL=C sort -u. Bila hiyo LC_ALL=C, kompyuta mbili zenye mipangilio tofauti ya lugha hupanga kwa mfuatano tofauti, na historia ya mabadiliko inaonyesha mistari maelfu imehama wakati uliyoongeza ni mitatu.

Kama unachota orodha za wengine na kuziunganisha, soma leseni zao kwanza. EasyList, kwa mfano, inatolewa kwa GPL au Creative Commons yenye sharti la kushiriki kwa masharti yaleyale. Halafu jilinde na upakuaji mbovu. Seva ikiharibika inaweza kukupa ukurasa wa hitilafu huku ikidai kila kitu ni sawa, na skripti inayochuna chochote kinachofanana na kikoa itachuna www.w3.org kutoka kwenye mstari wa kwanza wa ukurasa huo. Weka sharti: toleo likikua au likipungua kwa zaidi ya asilimia 5, lisitoke mpaka mtu alitazame.

Fikiria pia mzigo wa kusambaza. Orodha ya mistari 100,000 ina takriban megabaiti 2.5. Watumiaji 1,000 wakiichota nzima kila siku, hizo ni gigabaiti 2.5 kwa siku, 75 kwa mwezi. Seva inayojibu vizuri maulizo ya "je, imebadilika?" hutuma namba 304 (haijabadilika) na hakuna zaidi. Andika muda wa kuisha kwenye kichwa cha faili; EasyList huandika siku 4. Hata hivyo muda huo ni ombi tu, si amri. Mwaka 2022 EasyList ilielemewa kwa sababu ya kivinjari cha Android kilichokuwa kikichota orodha kila kinapofunguliwa, na nakala za kivinjari hicho zilikuwa zimeenea India. Wanaokuandikia maelekezo ya kuiweka orodha yako kwenye ratiba, waambie wachague dakika ya kubahatisha. Pi-hole hufanya hivyo: husasisha Jumapili alfajiri, kila mashine kwa dakika yake.

Orodha inazeeka

Utafiti wa Snyder na wenzake uliotoka mwaka 2020 ulifuatilia tovuti 10,000 kwa miezi miwili na kukuta kwamba asilimia 90.16 ya kanuni za kuzuia za EasyList hazikuwa na faida katika matumizi ya kawaida. Sioni aibu katika takwimu hiyo. Inaonyesha jinsi vikoa vya matangazo vinavyokufa upesi, na jinsi hakuna anayepewa shukrani kwa kuvifuta.

Kufuta kuna mitego yake. Usipime uhai wa vikoa ukiwa nyuma ya kizuizi chako mwenyewe. Vyote vitaonekana vimekufa. Tumia seva safi, na uulize zaidi ya moja. Jibu la SERVFAIL maana yake seva imeshindwa kujibu, kikoa hakijafa. Kikoa kisicho na anwani nacho kinaweza kuwa hai, kwa sababu kampuni nyingi za ufuatiliaji haziweki kitu kwenye jina kuu, zinatumia matawi tu. Angalia rekodi za NS, zinazotaja seva za DNS za kikoa. Ni jibu la "jina halipo" pekee, lililorudiwa kwa wiki kadhaa, linalotosha kukihamishia kikoa kwenye faili la waliokufa. Kihamishe, usikifute, maana kinaweza kununuliwa tena na mtu asiye na hatia, na historia yake utaihitaji. Faili la ruhusa lipimwe kwa ukali zaidi: kikoa kilichokufa humo, kikinunuliwa na mtu wa matangazo, kina pasi ya kupita kila mahali.

Watu na funguo

Kichujio cha kivinjari si maandishi matupu. Mwaka 2019 mtafiti Armin Sebastian alionyesha kwamba kanuni ya kubadili anwani katika Adblock Plus, kiongezo kingine cha kuzuia matangazo, ingemwezesha mwandishi wa orodha kuendesha msimbo kwenye kurasa fulani. Kwa hiyo anayeweza kuchapisha anaweza kudhuru, na badiliko la kila mtunzaji lipitiwe na macho ya pili, la mwanzilishi likiwemo. Akaunti zote ziwe na uthibitisho wa hatua mbili.

Funguo zisikae kwa mtu mmoja. Rick Petnel, aliyeanzisha EasyList, alifariki mwaka 2009, na orodha inaendelea mpaka leo kwa sababu kulikuwa na wengine wa kuipokea. Wawili wawe na uwezo wa kuchapisha, na wawili, ikiwezekana watu tofauti na hao, wawe na uwezo wa kulipia kikoa cha orodha.

Kikoa hicho ndicho jambo la mwisho, na ndilo husahaulika. Orodha ikisimama, maelfu ya ruta zitaendelea kuichota kwa miaka. Kikoa kikiachwa kiishe, atakayekinunua ataandika anachotaka ndani ya mitandao ya watu. Tangaza kusimama kwenye kichwa cha faili miezi sita kabla. Siku ikifika, ondoa mistari yote isipokuwa mmoja wa kikoa kinachoishia na .invalid, tawi lililotengwa rasmi lisisajiliwe kamwe. Faili tupu kabisa halifai, kwa sababu Pi-hole ikipokea faili tupu huchukulia kwamba upakuaji umeshindwa na kuendelea kutumia nakala ya zamani. Kisha endelea kulipia kikoa, na kutazama kumbukumbu za seva, mpaka maombi yapungue hadi kuisha.